Mchoro wa Mtaa Mikindani: Anzeni na Ukuta

Akipatikana msanii wa kuchora kuta za mtaa, watu hubishania picha: jahazi, ngoma ya sindimba au mkorosho? Mimi naona Mikindani, mji wetu mkongwe wa pwani ya Mtwara, ugomvi wa kwanza uwe wa ukuta, na nusu ya bajeti iishie hapo.

Nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa ziacheni. Kuta zake hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizipaka rangi ya plastiki unyevu hukwama ndani, na chokaa hubanduka pamoja na mchoro. Tafuteni ukuta wa tofali za saruji, wa shule au soko. Huko nako adui ni chumvi: mchanga wa pwani na maji ya kisima huiingiza kwenye lipu, baadaye unga mweupe unachomoza na kuisukuma rangi. Ikwangueni chumvi hiyo kwa brashi ya waya, ukuta ukiwa mkavu. Mkiiosha kwa maji itayeyuka na kurudi ndani.

Lipu mpya ingoje siku 28. Kupima unyevu, jioni bandikeni ukutani kipande cha nailoni cha nusu mita, mzibe kingo zote nne. Asubuhi mkikuta matone kwa ndani, bado. Ukikauka, pakeni praima (rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine) inayohimili saruji. Rangi ya mafuta waliyoizoea wachoraji wa Tingatinga inakaa vizuri kwenye ubao, ila lipu changa huila hadi ikalainika.

Ukuta wa mita 3 kwa 8 ni mita za mraba 24. Kwa lita moja kufunika mita za mraba 8 hivi, praima ni lita 3, na rangi ya chini, mikono miwili, lita 6. Kazi ifanyike Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa mbali. Ukuta unaotazama magharibi upakwe asubuhi. Jua likiupiga, rangi inakauka upesi na kuacha mistari ya brashi.

Mchoro wa karatasi upigwe miraba ya sentimita 5, ukutani iwe ya sentimita 50. Tumieni chaki. Wino wa kalamu ya maka hupenya rangi ya maji hata ukirudia mara tatu.

Wazee na vijana wauone mchoro kabla ya brashi kugusa ukuta (simba na twiga tumewachoka, jamani). Sentimita 40 za chini ziwe rangi moja ya giza, maana ndipo matope ya mvua na baiskeli zinazoegeshwa huharibu. Rangi iliyobaki ifungwe vizuri, kila kopo liandikwe sehemu yake, ikae ofisi ya mtaa kwa ajili ya viraka.