Nesi wa afya ya akili anayeomba kwenda EMD hajakimbia kazi

Kila manesi wapya wakipangwa huku kwetu kusini mwa Tanzania, hoja hii lazima irudi. Nesi kijana kamaliza diploma, kapelekwa kitengo cha afya ya akili, kakaa mwaka, mwaka na nusu hivi, halafu anaandika barua kwa metroni, mkuu wa manesi, kuomba ahamie EMD, yaani idara ya dharura, au ICU, wadi ya wagonjwa mahututi. Basi hapo maneno yanaanza. Wenzake anaowaacha wanasema anakimbia, kaona kazi ya kwetu haina heshima. Wa EMD nao wanasema tunaletewa mtu ambaye mikono imeshalala, laini ya dripu kwenye mshipa hajaweka siku nyingi, hata monita anaiogopa. Yaani mtoto wa watu anakuwa hana kwao, huku msaliti, kule mzigo.

Nimewasikiliza wa pande zote, na wanaopinga wana hoja nzito, sitazidharau. Ila naona anayeeleweka vibaya zaidi ni huyu anayeandika barua.

Nianze na wanaosema abaki. Mwaka mmoja afya ya akili ni mdogo kweli. Kazi ya kule huwezi kuiona kwa macho haraka, inajengwa kwa kumzoea mgonjwa. Mtu mwenye skizofrenia anayekuja kuchoma sindano yake ya depo, ile dawa ya akili inayokaa mwilini muda mrefu, kila mwezi anamzoea nesi mmoja, anamjua jina, anamwambia usiku silali siku hizi, na nesi anajua hapo mambo yanaanza kuharibika kabla hata ndugu hawajastuka. Ukimbadilishia nesi mara mbili tatu kwa mwaka anaacha kuja, na akishaacha kuja utamwona tena baada ya miezi analetwa kwenye bajaji kafungwa kamba mikono. Na sisi huku tuko mbali, Mirembe, hospitali kubwa ya afya ya akili, iko Dodoma, siyo safari ya familia ya Newala au Nachingwea kuipanga kesho. Kwa hiyo kila nesi anayeondoka kwenye kitengo chenye watu wachache anaacha pengo, na pengo hilo linalipwa na mgonjwa. Hilo nalikubali lote.

Hoja ya mikono nayo ni ya kweli. EMD haina muda wa kukusubiri. Mgonjwa kasimama moyo, unatakiwa ukandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwenzako anaita adrenalini, wewe unatafuta mshipa kwa mtu ambaye presha haisomi. Nesi ambaye kwa mwaka mzima kazi yake kubwa ilikuwa vidonge, mazungumzo na sindano ya msuli hawezi kuwa na kasi hiyo wiki ya kwanza, tusidanganyane.

Lakini hapa ndipo watu wanaipindua hoja bila kujua. Kama mikono inalala isipotumika, basi dawa yake ni kuhama mapema, siyo kuchelewa! Nesi wa mwaka na nusu bado ana shule kichwani, bado haoni aibu kuuliza hii pampu inawashwaje, na hakuna anayemshangaa akiuliza. Mwambie huyohuyo asubiri miaka nane. Daraja limepanda, umri umeenda, anakuja EMD na kwenye ratiba anaandikwa kiongozi wa zamu kwa sababu ni mkubwa kazini, chini yake kuna vijana wanaomzidi kuweka laini mara tano. Atauliza nini na kwa nani? Wengi wa hao wanaishia kukaa mezani na makaratasi, na tunasema ona, wa afya ya akili hawaiwezi dharura, kumbe tumemleta kwa wakati mbaya na cheo kibaya.

Kingine kinachoniumiza ni hii dhana kwamba anakuja mikono mitupu. Hebu tuangalie mgonjwa mmoja tu wa kawaida kabisa huku kwetu. Msimu wa korosho, mabibo yamejaa, uraka unanyweka kila kona na gongo la mabibo lipo. Mwanaume wa miaka arobaini kalazwa kwa sababu kavunjika mguu kwenye bodaboda, siku ya kwanza katulia, siku ya pili usiku anaanza kutetemeka, jasho, mapigo ya moyo juu, anapangusa shuka anasema wadudu wanatembea, anataka kuchomoa dripu aende nyumbani. Zamu ya usiku wamechoka, wanasema huyu kachanganyikiwa, kumbe ana ukichaa, mfungeni, asubuhi apelekwe afya ya akili. Nesi aliyetoka afya ya akili anamkalia kitandani dakika tatu. Anamuuliza leo siku gani, anamwambia nitajie siku za wiki kurudi nyuma, jamaa anakwama Ijumaa anasahau hata alichoulizwa. Anaona jamaa dakika hii anaeleweka, dakika ile haeleweki. Anagundua kwamba jamaa anaona vitu zaidi ya kusikia sauti. Anamuuliza mke wake, mara ya mwisho kunywa lini? Siku mbili zilizopita. Huyo hana ukichaa, huyo pombe inamtoka mwilini na asipopata diazepamu na vitamini B1 na kuangaliwa sukari na maji anaweza kudegedega na kufa hapohapo kwenye wadi ya mifupa.

Kutofautisha akili iliyoyumba kwa sababu ya ugonjwa wa akili na akili iliyoyumba kwa sababu mwili unazimika, huo ni ujuzi wa dharura kamili. Malaria kali inafanya hivyo, sukari ikishuka inafanya hivyo, homa ya uti wa mgongo, oksijeni ikipungua, yote yanaanza na mtu kuongea ovyo. Na kinyume chake pia, mtu wa homa kali mwili umekakamaa kama ubao, wote wanawaza malaria au pepopunda, nesi huyu anaomba kadi aone mgonjwa alichomwa nini, anakuta haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, juzi, anamwambia daktari tusimame kwanza, hii inaweza kuwa ni dawa yenyewe.

Halafu kuna wale wanaokunywa sumu. Huku mashamba ni mengi na dawa ya wadudu iko ndani ya nyumba, chini ya kitanda, kwenye chupa ya soda. Analetwa binti mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma maji. EMD wanajua kazi yao hapo, atropini inaingia, dozi inaongezwa mara mbili kila baada ya dakika tano mpaka kifua kikauke, na wanaokoa. Asubuhi yuko macho. Kinachofuata sasa? Mara nyingi hakuna. Kisheria kujaribu kujiua bado ni kosa hapa Tanzania, kwa hiyo familia inasema alidhani ni soda, faili linaandikwa sumu ya bahati mbaya, anatolewa siku ya tatu anarudi kwenye nyumba ileile na chupa ipo palepale. Sisemi manesi wa EMD hawana huruma, wanayo sana, ila wengi wanaogopa kuuliza, wanadhani ukimtajia mtu kujiua unampa wazo. Aliyetoka afya ya akili anajua kumuuliza mtu wazi hakumpi wazo, anavuta kiti, anawaomba ndugu watoke, anauliza ulitaka kufa? Bado unataka? Na kabla hajamwacha aende anaongea na mama mtu kuhusu ile chupa. Hiyo kazi ya dakika kumi na tano inaokoa maisha sawasawa na ile atropini, na mtu wa kuifanya usiku kwenye EMD nyingi hayupo.

Sasa kuna takwimu moja ambayo mimi hainitoki kichwani, na ndiyo hasa imenifanya niandike. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema watu wenye magonjwa makali ya akili wanakufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine. Isome tena taratibu. Mtu ambaye angefika 65 anakufa na 45, 55 akibahatika. Na ukiuliza wanakufa na nini, wengi watakwambia wanajiua. Kujiua kumo, ila sehemu kubwa ni magonjwa ya mwili ambayo tunajua kuyatibu, moyo, kisukari, kifua, maambukizi. Baadhi ya dawa tunazowapa zinawanenepesha na kupandisha sukari, wengi wanavuta sigara, wengi hawali vizuri. Na wakiumwa hawaaminiki. Hapo ndipo miaka mingi inapopotelea, mlangoni. Mtu anayejulikana mtaa mzima kwamba ana ugonjwa wa akili anakuja anashika kifua anasema kinabana, mapokezi wanasema huyu ni wa afya ya akili mpelekeni kwao, kwao anapewa kidonge cha kutuliza, na moyo wake hakuna aliyeupima. Kila dalili inahesabiwa ni ya kichwa.

Ukiielewa hiyo takwimu unaona swali la nani kahama linabadilika. Wagonjwa wetu wa akili, mahali wanapopoteza miaka yao siyo kwenye kitengo peke yake, wanaipoteza pia pale triaji, mlangoni wanapopangwa nani aonwe kwanza, ICU, wadi za kawaida. Kwa hiyo nesi anayetoka kwao akasimama pale mlangoni, akasema huyu namjua, ugonjwa wake wa akili ukimpanda anakuwa hivi, leo siyo hivyo, mpimeni presha na ECG, kipimo cha moyo, huyo hajawaacha wagonjwa wake. Kawafuata mahali wanapofia.

Na majengo yapo sasa. Muhimbili walifungua idara ya dharura ya kisasa mwaka 2010, na zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 2021, zikajenga EMD na ICU kwenye hospitali nyingi za nchi, na hapa Mtwara tumepata hospitali ya kanda kule Mitengo kuongezea ile ya mkoa, Ligula. Jengo na mashine bila mtu aliyefundishwa ni vitanda tu, kwa hiyo watu watahamishwa tu, tupende tusipende.

Ndiyo maana ugomvi wangu hasa hauko kwa anayehama, uko kwa namna tunavyomhamisha. Najua sehemu ambayo nesi aliletwa Jumatatu kutoka afya ya akili na Alhamisi ya wiki hiyohiyo akawekwa usiku na msaidizi mmoja tu. Akilia siku hiyo mnasema hawezi, mimi nasema mlimtelekeza. Mpeni wiki sita hadi nane akiwa na mwenzake mzoefu kila zamu, asihesabiwe kama mtu kamili kwenye ratiba, na asipewe zamu ya usiku peke yake mpaka in-chaji, kiongozi wa kitengo, asaini kwamba ameona anaweka laini, anahesabu dripu ya adrenalini na kutumia sakisheni, mashine ya kunyonya makohozi. Na kitengo alichotoka kipewe mtu mwingine kabla hajaondoka, siyo baada, ili amkabidhi wale wa sindano za depo mmoja mmoja kwa majina.

Kuhusu muda, ningemwambia akae afya ya akili mwaka mzima kamili angalau, miwili kama anaweza, chini ya mwaka hajabeba cha kwenda nacho. Baada ya miwili asisubiri sana. Na barua aipeleke mapema, mwezi wa tano au wa sita, maana hela ya korosho ikishaanza kuingia, bodaboda zinaongezeka barabara ya Masasi, EMD inajaa, na hata in-chaji mwenye moyo mzuri kiasi gani hatapata nafasi ya kumfundisha mtu.