Mkidukuliwa, tuambieni kila kitu

Kampuni nyingi zikidukuliwa hutuma ujumbe wa mistari miwili: badilisha nywila yako, samahani kwa usumbufu. Wezi walipita wapi? Nywila zilihifadhiwaje? Kimya. Kwangu huko ni kumkosea heshima mtu aliyekukabidhi siri yake.

Aprili 2010 walidukuliwa Apache Software Foundation, wenye programu ya seva za wavuti inayotumika dunia nzima. Baada ya siku chache wakaanika mkasa mzima. Wadukuzi walifungua tiketi kwenye JIRA, mfumo wa kupokea taarifa za hitilafu, wakabandika kiungo kilichofupishwa chenye mtego wa kuiba ruhusa ya aliyeingia, na baadhi ya wasimamizi wakakibofya. Wakati huohuo wadukuzi walikuwa wakibahatisha nywila kwenye ukurasa wa kuingilia. Walipopata nafasi wakapenyeza faili la JSP, yaani programu ndogo inayoendeshwa na seva yenyewe, kama kiambatisho, kisha wakatega programu ya kunasa nywila ya kila anayeingia.

Tarehe 9 wadukuzi wakawatumia mafundi wa Apache barua pepe za kubadilisha nywila. Mafundi wakadhani JIRA ina hitilafu, wakaingia, wakarudisha nywila zao za kila siku. Mojawapo ndiyo iliyofungua akaunti yenye mamlaka kamili juu ya seva nzima. Na hawa ni magwiji wa kazi hii!

Hata hilo Apache hawakulificha. Walisema nywila za JIRA zilikuwa zimefumbwa kwa SHA-512, kanuni ya kugeuza nywila kuwa msimbo usiorudishwa nyuma, lakini bila kuongezewa herufi za nasibu, kwa hiyo zile nyepesi zingeweza kukisiwa. Aliyeingia kati ya tarehe 6 na 9 aliambiwa waziwazi aihesabu nywila yake imeibwa. Wakataja pia kilichowaokoa: nywila za kutumika mara moja tu kwenye mashine nyingine.

Msimamizi yeyote wa JIRA, awe Nairobi au Berlin, angesoma taarifa ile na kwenda moja kwa moja kukagua folda ya viambatisho. Wanasheria husema maelezo kama haya yanawafundisha wezi. Sikubaliani nao. Mwizi njia anaijua tayari. Asiyeijua ni jirani anayefuata kuibiwa.

Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72, na wenye data nao waarifiwe. Ningependa taarifa inayomfikia mteja ilazimike kutaja tarehe za uvamizi na jinsi nywila zilivyohifadhiwa.