Mwigizaji aliyeitwa tena

Tangu nikiwa sekondari nasoma riwaya za kijasusi, na karibu zote zina yule jasusi mstaafu anayefuatwa nyumbani na kuambiwa nchi inamhitaji kwa mara ya mwisho. Akiwa mwigizaji, ndiyo kabisa: mwandishi atashikilia kwamba aliyezoea kujifanya mtu mwingine ndiye jasusi hodari. Siafiki, na anayenifanya nisiafiki ni Sterling Hayden.

Hayden alikuwa baharia kabla ya kuwa nyota wa Hollywood. Kampuni ya Paramount ilimtangaza kuwa mwanamume mzuri kuliko wote katika sinema. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto akaitupa sinema, akajiandikisha jeshini kwa jina la John Hamilton, kisha akaingia OSS, idara ya ujasusi iliyotangulia CIA. Kutoka kusini mwa Italia alivusha shehena kwenye Bahari ya Adriatiki kuwapelekea wapiganaji wa kikomunisti walioongozwa na Tito kule Yugoslavia, pwani ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Akatunukiwa nishani ya Silver Star. Kazi ile haikutaka maigizo hata kidogo. Ilimtaka mtu anayeijua bahari, na uso wake maarufu ulikuwa mzigo tu.

Wapiganaji wale walimgusa moyo. Mwaka 1946, amesharudi Marekani, akajiunga na Chama cha Kikomunisti, akakaa miezi michache tu, akatoka. Ndipo alipoitwa tena. Aprili 1951 aliketi mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akataja majina ya wenzake. Enzi hizo, aliyetajwa alifungiwa milango ya studio.

Alisifiwa kwa uzalendo. Yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1963, aliandika kwamba alijidharau kwa alichokifanya. Mtu aliyevuka bahari ya adui alishindwa kwenye kiti, mchana kweupe, bila bunduki mbele yake. Jambo hilo huniuma kila ninapolikumbuka, kwa sababu sina hakika mimi ningenyamaza, nikiwa na watoto wa kulisha.

Hiyo ndiyo riwaya ninayoingoja. Mwandishi wake asianze na bastola wala pasipoti bandia. Aanze na chumba cha kamati, maikrofoni mezani, na swali moja: nani mwingine alikuwepo kwenye mkutano?