Tope la kwa Mama jirani

Mwezi jana nilifungua daftari la mpwa wangu, mwaka wa tatu sekondari. Mmomonyoko wa udongo: maana, visababishi, matokeo. Yote kwa Kifaransa, yamenakiliwa ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza. Siku ileile mvua ilikuwa imeshusha tope hadi jikoni kwa Mama jirani. Nikamwuliza lile ni nini.

“Ni tope, Mjomba.”

Haya. Bukavu, mji wetu huku Kongo, wote umekaa mteremkoni, na sisi tunafundisha mteremko kwa chaki.

Jumamosi nikamchukua na wenzake watano, kopo tupu la maziwa na rula. Mvua ya usiku iliacha milimita 25 koponi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo wakapima manjanja, yaani mabati ya paa, ya shule yao: mita 20 kwa 8. Lita 4,000. Kimya. Mmoja akageuza hesabu kuwa bidoni za lita 20: bidoni 200! Hapo kelele zikaanza, maana hawa ni watoto wanaopandisha bidoni kila alfajiri, wanajua 200 ni shingo ngapi. Na yote hayo yanamwagika kwenye pembe moja ya paa, juu ya ukuta wa watu wa chini. Huku kwetu kila mtu ana jirani wa chini. (Wa mwisho kabisa, jirani yake ni ziwa.)

Wakachimba mtaro wa kukata mteremko, wakiusawazisha kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, kamba na jiwe. Mvua iliyofuata ikautoboa: upande mmoja ulikuwa umeshuka vidole viwili tu. Wakabishana nusu saa kosa ni la nani. Nusu saa, juu ya maji! Nioneshe imla iliyowahi kuleta ugomvi mtamu hivyo.

Najua, watoto hawataponya mabonde ya mtaa wa Kadutu. Hiyo ni kazi ya serikali, tuendelee kusubiri. Kanivo, mitaro ya maji machafu, zina kipindupindu, kweli, mikono isiingie humo. Na Egzeteta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, haiulizi bidoni. Vibaya kwake. Sasheti nazo, mifuko ya plastiki, zilikatazwa 2017. Zifuateni tu toka mto Kawa hadi ziwani, hadi zizibe mitambo ya umeme ya mto Ruzizi, halafu tulalamike umeme umekatika.

Juzi mpwa wangu alipima paa langu. Maji yake yanaangukia nyuma ya jiko la Mama yuleyule. Nimeshuka soko la Kadutu kuuliza bei ya mfereji wa manjanja, nimerudi kimya.