Kijana asiyegonga mlango wa mhadhiri

Ukisema chuoni kwamba malezi ya utotoni yanagusa matokeo ya mtihani, utajibiwa upesi: hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini nadharia hii ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake (attachment) ina mizizi hapa jirani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazuru kaya za vijiji vya karibu na Kampala akiwatazama watoto 28 wa Kiganda na mama zao. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali kucheza, hugeuka kumchungulia, kisha huendelea. Uhakika ule haukumdekeza. Ndio uliompa ujasiri wa kwenda.

Wanaobeza hudhani tunapima akili, kumbe tunatazama namna mtu anavyoomba msaada. Mtazame mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyezoea kujitenga. Swali lake kaliandika vizuri nyuma ya daftari. Anafika koridoni, anasikia mhadhiri akicheka na mtu ndani, anarudi zake. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Haombi noti, kikundi cha kujisomea hana, wenzake wanamwona anaringa. Matokeo yanabandikwa, ana sup mbili (mitihani ya kurudia), na hakuna aliyejua kwamba alikwama tangu mada ya pili. Huenda alijifunza mapema kwamba kulia hakuleti mtu. Mwanafunzi mwenye wasiwasi wa kukataliwa, kwa upande wake, hodi anapiga, tena sana, ila akiingia anausoma uso wa mhadhiri kuliko anavyosikiliza maelezo.

Wapinzani wana hoja, sikatai. Tafiti nyingi hutegemea dodoso anazojijazia mwanafunzi mwenyewe, na uhusiano na GPA (wastani wa alama) mara nyingi hauna nguvu. Kwetu mtoto hulelewa na bibi, shangazi na dada wa kazi. Kumpima kwa mama peke yake ni kumwonea. Halafu kuna njaa: boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, nani atakumbuka nadharia?

Lakini hata njaa hiyo haiwapati kwa namna moja. Mmoja atamwambia mama ntilie, "Nikopeshe hadi boom litoke," mwingine atakunywa maji alale, akose kipindi cha asubuhi.

Kwa huyo wa pili, tangazo la "mlango wangu uko wazi" halisaidii kitu. Afadhali mhadhiri aandike pembeni mwa jaribio la mwanafunzi huyo: njoo Jumanne saa nne. Darasa la watu 400 halimruhusu kumwandikia kila mmoja, najua. Aanze na walioacha swali zima tupu.