Programu hairudishi sura iliyopotea, inabuni nyingine
Kuna makala inayodai kompyuta sasa inaweza "kurudisha" uso uliofifia kwenye picha ya kamera ya ulinzi, hivyo polisi watamtambua mhalifu hata picha ikiwa ukungu mtupu. Hapana, hairudishi chochote, inabuni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE: unaipa uso wa vidoti 16 kwa 16, inakupa wa 1024 kwa 1024. Inachofanya ni kutafuta, kati ya nyuso inazoweza kuzitunga, mmoja ambao ukipunguzwa utafanana na ukungu wako. Nyuso za namna hiyo ni nyingi mno! Watu wakaiwekea picha ya Obama iliyofifishwa, ikawatolea mzungu, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba nyuso ilizofundishiwa nyingi zilikuwa za wazungu. Mimi nasafisha picha za zamani studio. Mteja mmoja aliniletea ya bibi yake, mwenye chale mashavuni na mwanya; programu ya kusafishia picha ikafuta chale zote, ikaziba mwanya, ngozi ikawa nyororo kama ya binti wa tangazo la sabuni. Mteja akaitazama akasema, "Huyu si bibi." Kosa lilionekana kwa sababu yupo aliyemjua bibi. Sasa kwa mshukiwa asiyejulikana, nani atasema "siye huyu", na kijana wa watu keshawekwa ndani? Kuna mwanasheria humu anayejua kama mahakama zetu zinapokea picha ya aina hii kama ushahidi?