Ndugu wa marehemu waulizwe kwanza

Mwandishi wa makala mliyoichapisha ametetea makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa anakiri na mwendesha mashtaka anampunguzia shtaka au adhabu, hata kwenye kesi za mauaji, kwamba yanapunguza mlundikano mahakamani. Namuunga mkono nusu. Huku Mbeya shahidi wa Chunya au Kyela akisubirishwa sana anahama, anasahau, wengine wanafariki. Bora mtu akiri kuua bila kukusudia kuliko aachiwe kwa kukosa ushahidi.

Ila ile sheria ya 2019 iliyoruhusu makubaliano haya inaniumiza. Imezuia makubaliano kwenye uhaini na ugaidi, mauaji imeyaacha wazi. Tena inamtaka mwendesha mashtaka ashauriane na mwathirika pale tu mazingira yanaporuhusu. Nani anaamua kwamba hayaruhusu? Mama wa Rungwe aliyezika mwanawe asije akasikia redioni kuwa shtaka limebadilishwa! Aitwe, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na maneno yake yaandikwe kwenye jalada.

Halafu mauaji hayana dhamana. Aliyesota mahabusu miaka anaweza kukiri hata asilolifanya, ili tu ajue atatoka lini. Kwa hiyo jaji asitosheke na kuambiwa “nakiri kwa hiari”. Aupime ushahidi uliopo kabla ya kuyasajili makubaliano.